Mwalimu wa Mkono wa Kushoto

Somo lile la video halikuwa limetazamwa na mtu hata mmoja, lakini mwalimu alimsubiri Fundi amalize kupiga chafya ndipo akaendelea.

Fundi hakulitilia maanani. Mtu aliyehangaika mtandaoni kiasi kile hana nguvu ya kumchunguza mwalimu aliyempata. Alikuwa fundi wa viungo bandia hospitalini, mwanamke mwenye mikono hodari na subira fupi, na miguu aliyoitengeneza ilikuwa ikitembea mji mzima. Kisha hospitali ikaletewa mashine ya kuchapa maumbo ya plastiki, ambayo haifanyi lolote mpaka kwanza uchore umbo kwenye kompyuta, pande zake zote, uweze kuligeuza na kulichungulia kama limo kiganjani. Nani wa kumfundisha kuchora hivyo? Mkuu wa karakana alisema masomo yamejaa mtandaoni, tena ya bure, akaenda zake kunywa chai.

Yamejaa kweli, kama takataka zinavyojaa. Mwalimu wa kwanza alikuwa na toleo la zamani la programu, na kila kitufe alichokitaja kilikuwa kimeshahamishwa. Wa pili alisimulia maisha yake mpaka Fundi akasinzia. Wa tatu alipiga muziki juu ya maneno yake mwenyewe, na Fundi akamfunga katikati ya sentensi. Na wote, sijui walikubaliana wapi, walifundisha kuchora kikombe. Fundi alichora vikombe hadi akavichukia hata vya jikoni kwake. Mdogo wake akamtania kwamba mkono wake ukija kuwa tayari, angalau hautakosa vya kushika.

Utani huo ulimchoma Fundi. Mdogo alikuwa mshonaji, na mashine ya kusaga unga ilimkata mkono wa kushoto siku ukanda wake uliponasa nguo yake. Mkono wenyewe haukupatikana, ingawa watu walipekua mpaka chini ya mashine. Tangu hapo cherehani yake ilikuwa imefunikwa shuka. Alitaka kitu kimoja tu, mkono wa kuongozea kitambaa huku ule wa kulia ukifanya kazi, na Fundi alikuwa amemwahidi.

Mwalimu huyu mpya hakuonyesha uso. Ulionekana mkono wake wa kushoto tu juu ya vitufe, na ilisikika sauti ya chini, ya upole, ambayo hungejua ni ya mwanamume au ya mwanamke. Hakutaja kikombe. Alisema leo wanachora mkono, na Fundi nusura alie kwa furaha. Alimwelekeza auchore mkono mzima wa kulia wa mgonjwa wake, kisha atumie kioo cha programu, ufundi ambao wewe unachora upande mmoja na programu inakuchorea wa pili. Ukigusa huku, na kule kunaguswa.

Fundi akikosea, sauti ilimwambia arudi nyuma. Akichoka, ilinyamaza. Alijiambia labda somo linaendeshwa moja kwa moja na mwalimu anamwona. Hata hivyo, karakana ilianza kunuka unga uliopata moto, na hapakuwa na unga wowote mle. Alikumbuka kwa mbali kwamba kuna mwalimu aliwahi kutaja kuzitenganisha pande mbili kazi ikiisha. Akanong'ona kuuliza.

"Ziache zishikane," sauti ikamjibu. "Kutenganisha ni kwa wasio na haraka."

Naye alikuwa na haraka, tena amechoka na walimu.

Mashine ilipomaliza kuuchapa, Mdogo aliuvaa mkono adhuhuri, karakana ikiwa na mwanga tele. Fundi alikuwa bado hajapitisha nyuzi za kuvutia vidole, lakini vidole vya plastiki vilijikunja polepole vikashika upindo wa koti la Fundi. Hapo ndipo Fundi angepaswa kuogopa. Lakini Mdogo alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na ni dada gani angemvua mkono ule? Siku hiyohiyo shuka likaondolewa kwenye cherehani.

Raha yao haikudumu. Kidole kidogo cha mkono wa kulia kilikufa ganzi, kikafuata cha pili yake. Mdogo akasema ni uchovu. Kisha mkasi ukaanza kumponyoka, na kila mkono wa plastiki ulipofumba, wa nyama nao ulifumba bila idhini yake, na ile harufu ikaingia nyumbani, ikakaa kwenye mapazia na kwenye nguo za wateja, na hata umeme ulipokatika na cherehani ikanyamaza, chini ya sakafu ulisikika ukanda ukizunguka, taratibu, kama mashine inayosubiri mtu asogee.

Akaenda karakana kumweleza dada yake, akamkuta mbele ya kompyuta akilitafuta somo lile apate kujua amekosea wapi. Mdogo aliutazama mkono wa mwalimu juu ya vitufe. Kwenye kidole gumba palikuwa na kovu la sindano ya cherehani.

"Dada," alinong'ona, "huo mkono ni wangu."

Fundi akazima kompyuta. Picha haikuzimika.

"Somo la pili," sauti ikasema kwa upole. "Sasa tunauleta na wa kulia."

Walimwita shangazi yao, ambaye hutibu watu waliopandwa na majini na hana muda wa kubembeleza mtu. Alijaribu kuuvua ule mkono, ukang'ang'ania. Akasoma dua zake, akanyunyiza maji, jasho likamtoka, kisha akaketi kwenye kiti cha wagonjwa.

"Jini mmemfunga wenyewe na huyu mtoto," alisema. "Fundo hili silijui. Aliyelifunga ndiye alifungue."

Fundi alilijua fundo ni lipi, zile pande mbili alizoziacha zishikane, ila hakujua linafunguliwaje. Akaurudia mtandao uleule uliomtesa, na kitufe alichokitaka hakikuwa mahali ambapo mwalimu wa kwanza alisema kipo, na wa pili bado alikuwa anasimulia maisha yake, na kila video ilitangulizwa na tangazo ambalo halirukiki, na nyuma yake Mdogo alikuwa anataja vidole kwa sauti inayozidi kufifia, cha kati kimekwenda, cha shahada kimekwenda, na ngurumo ya ukanda ilikuwa imefika miguuni pao na unga wa moto umewajaa kooni, na Fundi akilia kwa hasira akamfungua yule wa muziki, akasogeza sikio kwenye spika, akamsikiliza kwa mara ya kwanza mpaka mwisho, na huko mwisho kabisa, chini ya ngoma na vinanda, mtu yule akaeleza namna ya kuzitenganisha pande mbili.

Akabonyeza.

Mkono wa plastiki ukadondoka sakafuni. Ngurumo ikakatika. Mdogo akafungua kiganja cha kulia, akakifumba, akakifungua tena. Shangazi alisema jini ameondoka, akaomba maji ya kunywa. Kisha Mdogo akauokota ule mkono, ambao sasa haukushika kitu, akamwomba dada yake aupitishe nyuzi.

Mkuu wa karakana alirudi na habari njema. Siku ile mkono ulipofanya kazi, alikuwa ameuweka mchoro mtandaoni bure, maana Fundi alilalamika mno kwamba huko hakuna kitu cha maana. Karakana nyingi zilikuwa zimeshauchukua, zinashukuru. Fundi alimfanya aufute palepale, lakini uliochukuliwa umeshachukuliwa.

Jioni hiyo akarekodi somo lake mwenyewe. Aliahidi kufundisha mkono mzima, hatua kwa hatua, ila alianza na onyo: aliyeuchukua mchoro ule atenganishe pande kabla mtu hajauvaa. Sauti ilimtetemeka, akajirudiarudia.

Waliolitazama ni wachache. Chini yake wamelalamika kwamba sauti haisikiki vizuri, kwamba anazunguka mno kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe. Neno lililopendwa kuliko yote liko juu kabisa, na linasema: "Rukeni huku mwanzo, hamna kitu. Mkono wenyewe unaanzia katikati."