Zamu ya Gribble

Gurudumu la zamani la usukani lilikuwa na joto. Jabez Pascoe aliligusa asubuhi ile bandarini Devonport, akauondoa mkono upesi. Vishikio vyake vilikuwa na joto la viganja, na chumba cha usukani kilikuwa kimefungwa tangu juzi.

"Kaka, hebu shika hapa."

"Mvuke huo, bwege wewe," alisema Hedley, nduguye. "Fanya kazi."

Ndugu hao walikuwa mafundi. Walifunga injini ya mvuke mkiani mwa manowari, ili baharia mmoja huko juu sitahani ageuze kwa vidole usukani ambao zamani kundi zima la wanaume liliuvuta kwa jasho. Gurudumu la zamani liliachwa palepale kwa ajili ya dharura, likiwa limefunguliwa minyororo iliyoliunganisha na usukani.

"Baharia Gribble alifia kwenye gurudumu hilo," Mzee Tozer, baharia mkongwe, aliwaambia wakila. "Dhoruba ilipolizungusha kwa nguvu, wenzake waliruka kando. Yeye akang'ang'ania, likamponda kifua. Na hakuna aliyempokea zamu."

"Kwani zamu hupokewaje?" Jabez aliuliza.

"Anayeondoka anataja mwelekeo, anayekuja anaurudia. Bila hivyo huachii gurudumu, hata ufe. Wewe ukitajiwa mwelekeo humo ndani, funga domo lako!"

Hedley alicheka mpaka akapaliwa na mkate wa nyama.

Siku ya majaribio walitoka kwenda baharini mchana kweupe. Jabez alibaki ndani kuiangalia injini; Hedley akaukaza mlango wa chuma kwa nje, kama maofisa walivyotaka.

"Nikigonga ufungue, kaka. Tafadhali."

"Woga wako utakuua."

Injini ikaguna, ikafanya kazi vizuri. Kisha gurudumu la zamani, lisilo na mnyororo wowote, likaanza kuzunguka.

Ikaja harufu ya sufu mbichi na tumbaku ya kutafuna. Jabez aliukimbilia mlango, akagonga kwa spana, akagonga kwa ngumi, akaita jina la kaka yake mpaka sauti ikamkauka, na injini ikazimeza kelele zake zote, huku nyuma yake mtu akihema kwa taabu, kila pumzi karibu zaidi ya iliyotangulia, mpaka mikono baridi ikamshika, ikamburuta na kuviweka viganja vyake juu ya vishikio.

"Kusini-magharibi," sauti ilimnong'oneza sikioni, imechoka, inalia. "Kusini-magharibi. Nipokee, ndugu yangu."

Alikaza meno. Mikono ikambana kifua, mbavu zikaanza kulia.

"Kusini-magharibi!" Jabez alipiga yowe. "Nimepokea!"

Kuhema kukakoma. Harufu ikatoweka. Masikini, alicheka kwa furaha, akataka kuondoka. Vidole vikagoma kuachia vishikio.

Mlango ukafunguliwa.

"Tumefaulu, mdogo wangu!" Hedley alisimama kizingitini, uso mzima kicheko. "Toka tukanywe. Mbona umeganda? Sema basi!"

Maneno ya kukabidhi zamu yalipanda yenyewe kooni mwa Jabez, yakisukuma meno. Aliuma ulimi mpaka damu ikamjaa kinywani. Alimpenda mno huyu mpumbavu.

"Jabez? Unanitisha. Una nini?"

Hedley aliinua mguu kuingia. Jabez akajinyoosha, akaupiga mlango teke kwa nguvu zake zote, ukajifunga kwa kishindo. Ndipo maneno yakamtoka, "Kusini-magharibi. Nipokee!" akiwa peke yake, machozi yakimtiririka.

Nje, Hedley alikwishaanza kufungua tena.