Saini Laki Moja za Nebraska

Mshale wa mwendo uligusa maili mia na kumi kwa saa.

Delphine Kovarik hakuutazama. Macho yake yaliruka kutoka barabarani hadi kwenye simu iliyobanwa juu ya dashibodi ya Dodge Charger. Kwenye kioo cha simu, kitone chekundu kilikuwa kinasogea taratibu kuelekea kusini.

Kilitakiwa kwenda mashariki. Kwenda Lincoln.

"Kituo, Kovarik hapa. Lori limeacha barabara kuu."

"Wapi?" Sauti ya mkuu wake wa upelelezi, Crandall Pettibone, ilikwaruza kwenye redio ya Motorola.

"Maili nane baada ya York. Limeshika njia ya changarawe."

"Dereva?"

"Hapokei simu."

"Saa ngapi huko?"

"Tisa kasoro tano."

"Ofisi ya uchaguzi inafunga mlango saa kumi na moja kamili. Masanduku yakifika dakika moja baadaye ni karatasi za kuwashia moto."

"Najua, mkuu."

"Na jambo moja, Kovarik. Kama Stroud yupo, namtaka hai."

Delphine alikata usukani kulia na vumbi likafumuka nyuma yake kama pazia.

Ndani ya lori lile mlikuwa na masanduku mia na kumi na nane. Ndani ya masanduku, saini za watu laki moja na ushee wa Nebraska. Wote walitaka swali moja liwekwe kwenye kura ya Novemba: mipaka ya maeneo ya uchaguzi ichorwe na tume ya wananchi, si na wanasiasa wenyewe. Kwa miaka mingi wakubwa walikuwa wanaikata ramani ya jimbo kama mkate, kila mmoja akijimegea kipande kilichojaa watu wake. Saba kati yao walikalia kamati ya maji, na hakuna aliyeweza kuwang'oa.

Maji hayo yalitakiwa na Varkessa, kampuni ya ng'ambo iliyokuwa ikiyafyonza mchana na usiku chini ya mashamba ya watu.

Wananchi walikwisha jaribu miaka miwili nyuma. Masanduku yao yaliteketea ndani ya ghala, mjini Kearney. Aliteketea nayo kijana wa miaka ishirini na sita, mwalimu wa muziki, aliyekuwa akitumia Jumamosi zake kukusanya saini mbele ya maduka ya vyakula.

Jina lake Emmett Kovarik.

Uchunguzi ulisema hitilafu ya umeme. Delphine, dada yake, alikuwa kazini ng'ambo. Alirudi akakuta jeneza ambalo mama yao alikatazwa kulifungua.

Ilimchukua Delphine miaka miwili kulipata jina. Lyle Stroud. Mwanajeshi wa zamani, mtu wa kazi chafu za Varkessa.

Kitone chekundu kilisimama.

Naye akasimama. Alizima injini, akaichomoa Glock 19 kutoka kwenye mkoba wa kiunoni, akaining'iniza redio kwenye mkanda. Kabla ya kuingia kwenye mahindi alikibonyeza kitufe cha pembeni, kile kinachoacha sauti iende kituoni bila kukatika.

Mahindi ya Julai yalimpita kichwa. Alitembea kwa kuinama, mita mia moja, mia mbili. Aliusikia mngurumo kabla hajaona kitu.

Lilikuwa zizi kubwa la ng'ombe. Katikati ya uwanja ilisimama mashine ya kusagia majani makavu, pipa la chuma pana kama sebule, likiendeshwa na trekta. Chini ya pipa visu vilizunguka. Lori lilikuwa limerudishwa kinyumenyume hadi ukingoni mwa pipa. Watu wawili walikuwa wanashusha masanduku. Wa tatu, mrefu, mwenye miwani ya jua, alisimama juu ya ukingo wa nyuma wa lori akiwaelekeza.

Stroud.

Kwenye ndoo iliyogeuzwa aliketi mwanamke wa miaka sabini na mmoja, mikono imefungwa kwa kamba ya plastiki. Wilhelmina Tadlock, mwenyekiti wa kampeni, ndiye aliyekuwa akiliendesha lori. Alikuwa amekataa dereva wa kukodi.

"Mnasaga karatasi za watu mchana kweupe," Mama Tadlock alikuwa anasema. "Mama zenu wanajua kazi mnayofanya?"

"Nyamaza, bibi," Stroud alisema.

"Nimeendesha basi la shule miaka thelathini na mmoja. Nimetishwa na watu wakali kuliko wewe. Na walikuwa na miaka saba."

Mmoja wa wale wawili aliangua kicheko, akakikata alipoona uso wa mkubwa wake.

"Tupa," Stroud aliamuru.

Sanduku la kwanza liliruka ndani ya pipa. Mashine ikakohoa. Upande wa pili zikatoka chembe nyeupe, zikachanganyika na chakula cha ng'ombe.

"Angalau ng'ombe watapiga kura," Stroud alisema. "Lete la pili."

La pili halikufika.

Delphine alirusha bomu la kishindo. Mwanga mweupe ukapasua uwanja na ng'ombe wakavunja upande mmoja wa zizi. Aliyebeba sanduku alilidondosha akashika macho. Delphine alimfikia kwa hatua nne na kumpiga kitako cha bastola nyuma ya sikio. Wa pili alipapasa kiunoni. Alipata risasi ya paja kabla mkono haujakutana na alichokitafuta.

"Kovarik!" Stroud alikuwa amemtambua. Alifyatua mara mbili kutoka juu ya lori. Risasi moja ilipasua kioo cha trekta, ya pili ikachana bega la jaketi la Delphine.

Delphine hakutafuta pa kujificha. Alipanda lori kwa mbele, akakimbia juu ya paa lake na kumrukia Stroud kutoka juu.

Walianguka pamoja. Bastola ya Stroud iliteleza ikaingia ndani ya pipa, na visu vikaitafuna kwa sauti ya kusagana meno. Stroud alikuwa mzito na alijua kupigana. Alimpiga kiwiko cha mbavu, cha pili, akainuka amkanyage shingo. Delphine alijiviringisha. Buti lilikanyaga karatasi iliyochomoka sandukuni, likateleza.

Stroud alikwenda nyuma, akavuka ukingo.

Delphine alimdaka kifundo cha mkono.

Stroud alining'inia ndani ya pipa, miguu yake ikitafuta mahali pa kukanyaga na kukuta upepo tu. Chini yake visu vilikuwa duara moja la kijivu. Miwani ilimtoka usoni. Haikufika chini ikiwa nzima.

"Nivute," alisema.

"Kearney. Nani aliwasha?"

"Nivute kwanza."

Delphine alilegeza kidole kimoja.

"Mimi! Mimi niliwasha. Amri ilitoka Varkessa, kwa mtu wao anaitwa Rademaker. Nina barua zake zote."

"Ulijua kuna mtu ndani?"

Stroud alitazama visu chini yake.

"Alikuwa ametoka. Alikuwa nje, salama kabisa, nilimwona kwa macho yangu. Akarudi ndani kuchukua masanduku. Alitoa mawili. Akarudi kuchukua la tatu."

Hilo Delphine hakuwahi kulijua. Hakuna ripoti iliyoliandika. Kwa miaka miwili alimwona kaka yake amelala, amezingirwa na moshi, hana habari. Sasa alimwona akikimbia, amekumbatia sanduku, akigeuka kurudi.

Kidole cha pili kililegea. Delphine hakujua kama alikilegeza yeye.

"Binti." Mama Tadlock alikuwa amesimama chini ya lori na mikono yake iliyofungwa. Hakupaza sauti sana. "Mimi macho yangu ni ya kizee. Ukimwachia, nitasema aliteleza."

"Mama..."

"Nilimfundisha Emmett kukusanya saini. Nilimzika pia. Nakwambia nitasema aliteleza."

Mashine ilinguruma. Stroud aliutazama uso wa Delphine, na kwa mara ya kwanza akaanza kulia.

Delphine alipiga hesabu. Sekunde mbili. Labda tatu, kwa mtu mnene. Emmett alikufa kwa muda mrefu kuliko huo, na mama yao alikuwa bado anaendelea kufa.

Sekunde mbili zilikuwa zawadi.

Alimvuta juu.

Alimlaza kifudifudi, akamfunga pingu, akaikata kamba mikononi mwa Mama Tadlock, ndipo akaitoa redio kwenye mkanda.

"Kituo?"

"Tumerekodi kila neno," Pettibone alisema. Sauti yake ilikuwa nzito. "Pole, Delphine."

"Mtume sherifu wa hapa awachukue hawa wawili. Mmoja anavuja damu pajani, nimemfunga mkanda. Stroud naenda naye Lincoln."

"Kwa nini usimwache hapo?"

"Nina kazi ya kumpa."

Saa kumi na dakika mbili lori lilirudi barabarani. Mama Tadlock ndiye aliyeshika usukani. Delphine alikaa nyuma, bastola gotini, mbele yake Stroud ameegemea masanduku mia na kumi na saba.

"Lile lililosagwa lilikuwa na saini yangu," Mama Tadlock alisema kupitia kidirisha. "Nilikuwa wa kwanza kusaini jimbo zima."

"Tutapungukiwa?"

"Hapana, zinatosha. Lakini imeniuma."

Akakanyaga mafuta.

Walifika kwenye ngazi za jengo la serikali saa kumi na moja kasoro dakika kumi na nne. Watu wa kampeni, zaidi ya mia mbili, walikuwa wamejipanga tangu adhuhuri kutoka ukingo wa barabara, kupanda ngazi, mpaka kwenye korido ya ofisi ya uchaguzi. Wakulima, wauguzi, mapadri, wanafunzi. Walikuwa tayari kupokezana masanduku mkono kwa mkono.

Delphine alimshusha Stroud, akazihamisha pingu mbele na kumsimamisha katikati ya mstari.

"Huyu ndiye aliyechoma yale ya Kearney," Mama Tadlock aliwatangazia. "Leo anatusaidia."

Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna aliyemtemea mate. Waligeuza vichwa, mmoja baada ya mwingine, wakamtazama.

Sanduku la kwanza lilipita mikononi mwake. La pili. La kumi. Mzee aliyesimama kushoto kwake, mwenye kofia ya kampuni ya mbegu za mahindi, alikuwa akimkabidhi kila moja kwa maneno yale yale.

"Shika vizuri."

La hamsini. Mikono ya Stroud ilianza kutetemeka.

"Shika vizuri."

La mia. Shati lilikuwa limelowa, na jasho lilimwingia machoni bila njia ya kulifuta. Delphine alisimama hatua mbili nyuma yake, mikono kifuani. Hakukosa kuona hata sanduku moja likipita.

Saa kumi na moja kasoro dakika mbili, karani wa ofisi aligonga muhuri kwenye stakabadhi.

"Yamepokelewa," alisema.

Ndipo kelele zikaja, na Mama Tadlock akakaa sakafuni pale pale, miguu ameinyoosha, akicheka na kulia.

Magari mawili meusi ya Chevrolet yalikuwa yanasubiri nje. Delphine aliwakabidhi wenzake mfungwa. Stroud aligeuka mlangoni.

"Ungeniachia," alisema kwa sauti ya kuchoka. "Ningekuwa wewe, ningeachia."

"Najua."

Mlango ulifungwa. Delphine alikunja jaketi lililochanika, akalitia kwapani, akapiga namba ya nyumbani, mjini Wilber.

"Mama. Tumempata."

Nyuma ya mama yake saa ya ukutani ilisikika.

"Amekufa?"

"Yuko hai."

"Ana umri gani?"

"Arobaini na mbili."

"Vizuri," mama yake alisema polepole. "Bado kijana. Nitamwombea afya njema, aishi mpaka miaka tisini. Humo humo ndani."

"Na mimi nitamwombea, mama."

Delphine alikata simu. Alivaa miwani yake ya jua, akateremka ngazi moja baada ya nyingine, bila haraka, akapotea katikati ya watu.