Mguu wa Kwenda Kizingitini

Siku za kuelekea Ramadhani, uchochoro wa sokoni Amu, kisiwani Lamu, haupitiki. Siku moja punda waliobeba mifuko ya saruji waliingia kwa upande mmoja, punda wenye magunia ya tende na sukari wakaingia kwa upande wa pili, na wanunuzi wakakwama katikati, kila mmoja akimlaumu punda wa mwenzake. Bi Kulthum alikuwa amepanda juu ya baraza ya nyumba ili kuwapisha. Punda walipokwisha kupita na watu kutawanyika, yeye alibaki palepale, amesimama wima ndani ya buibui lililopigwa pasi, ushungi wa rangi ya zabibu ukiuzunguka uso uliotulia. Utulivu huo uliishia usoni. Kushuka kulimtisha, kwa maana baraza ilikuwa imeinuka sana, kipandio chake kimemomonyoka, na hapakuwa na pa kushika.

"Bi, mbona hushuki?" sauti ilimuuliza kutoka chini. "Au umetawazwa leo, nasi hatukupata mwaliko?"

Aliyeuliza alikuwa mzee mwenye ndevu za mvi zilizochongwa vizuri, kikoi cha samawati na kofia ya vito iliyodariziwa kwa mkono, mkononi ana kreti tupu lililokuwa bado likinukia bahari.

"Nangojea mui upoe," Bi Kulthum alijibu, kana kwamba mji ulikuwa bado na vurugu. "Na wewe usiyejua kwamba mwaliko huletwa nyumbani, hautafutwi sokoni, umetoka wapi?"

"Kizingitini, kisiwani Pate. Naitwa Husni, mfanyabiashara wa kamba wa baharini. Leo nimekuwa mwombaji: namwomba Malkia ashuke."

"Malkia haamriwi na muuza kamba."

Husni alicheka mpaka kofia ikaegama. Kisha alilipindua kreti lake, akaliweka chini ya baraza kama kipandio, na kwa adabu akageuka akatazama ukuta wa pili, asije akamwona mwanamke asiye mahramu wake akishuka. Kwa hiyo hakuona jinsi vidole vya Bi Kulthum vilivyoparura chokaa ya ukuta, wala jinsi alivyofumba macho kabla ya kuuteremsha mguu. Aliisikia tu sauti yake: "Ahsante, Bwana Husni. Ufalme wangu umekushukuru."

Bi Kulthum alikuwa mjane, naye Husni mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki. Hapakuwa na jambo la kuficha, ila haya za watu wazima. Walipeana nambari, na Ramadhani nzima simu ya Bi Kulthum ililia baada ya tarawehe.

"Malkia, umefuturu nini?"

"Mkate wa mofa na mchuzi wa papa. Na wewe?"

"Mimi nimefuturu sauti yako ya jana. Imebaki kidogo, nimeiweka ya daku."

"Yarabi! Mzee mzima, meno yamekwisha, maneno ndiyo kwanza yanaota!"

"Meno ninayo, hababi. Waulize kamba."

Baada ya Idi, Husni alifika Amu na wazee wawili, akamposa kwa Kamaludin, kakake Bi Kulthum. Kamaludin alikubali. Bi Kulthum, aliyekuwa nyuma ya pazia, alikubali kabla ya kakake. Lilibaki jambo moja tu la kupangwa, nalo ni mahali pa kuishi. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Husni alikuwa na mama yake, bikizee aliyekwisha kupoteza nuru ya macho na ambaye miguu yake nayo ilianza kumwasi. Kumhamisha haikuwezekana, kwa kuwa kila pembe ya nyumba ile ya Kizingitini aliijua kwa viganja vyake.

"Ndoo, Kulthum," Husni alimwambia kwa simu, akimsihi aje. "Ndoo hata kwa siku moja uione nyumba. Mama anataka kuisikia sauti yako. Boti zipo kila siku."

Boti! Mwaka uliotangulia, akirudi kutoka mazikoni Pate, Bi Kulthum aliteleza kwenye ngazi za gati ya Amu. Aliangukia kati ya boti na ukuta, buibui likafura majini kama mwavuli, na vijana wakamtoa mbele ya umati akiwa amelowa, nywele wazi, mkono umevunjika. Mkono uliungwa ukapona. Kilichobaki ni kwamba tangu siku ile sakafu yoyote ilimyumbia, na hata ndani ya nyumba alitembea akiparaza kuta. Hakumwambia mtu. Mwanamke wa nyumba yake, aliyelea wanawe akawaoza, akiri kwamba anaogopa kuinua mguu? Na mbele ya mwanamume anayemwita Malkia?

Alitafuta neno la kujikinga, na neno la kwanza lililomjia lilikuwa mila.

"Husni, sisi watu wa Amu mke hatoki nyumbani kwake. Mume ndiye huingia kwa mke. Hivyo ndivyo walivyofanya mama zetu."

"Nayajua hayo. Lakini mama yangu je?"

"Mila ni mila."

Husni alipojibu, mzaha ulikuwa umekwisha kooni. "Nalikuona siku ile sokoni, juu ya baraza, mui mzima umetawanyika nawe hutaki kushuka. Nalidhani ni mchezo. Kumbe kweli hushuki. Sisi wa Kizingitini tukipenda kukuona, tuinue shingo."

"Husni, si hivyo—"

"Siyui ni vipi, basi. Niambie."

Angeweza kumwambia. Ulimi ulifika ukingoni mwa meno, kisha ukarudi. "Nipe muda," alisema.

"Mama yangu ndiye hana muda," akajibu Husni, akakata.

Wiki hiyohiyo Bi Kulthum alikwenda nyumbani kwa shoga yake Bi Nusra. Huko, kila baada ya sala ya alasiri, wanawake wazima walikusanyika uwanjani ndani ya nyumba, mlango umekomewa, mabuibui yametundikwa, wakafundishwa taichi, mazoezi ya Kichina ya kuimarisha miguu. Mwalimu wao alikuwa Gakii, msichana wa Meru, mtaalamu wa viungo.

"Wachina wametujengea bandari pale ng'ambo," Bi Nusra alisema, mguu mmoja hewani, leso imefungwa kifuani. "Sasa wamekuja kutufundisha kusimama! Miaka yote hii tulikuwa tumelala?"

"Mama, usicheke ukiwa umeinua mguu," Gakii alimwonya. "Utaanguka."

"Nisiteke? Basi nirudishie mguu wangu niende zangu!"

Bi Kulthum hakucheka. Alisikiliza kama mtoto aliyechelewa kuanza chuo cha Kurani. Magoti yalegezwe kidogo, mgongo unyooke, pumzi ishuke tumboni. Mwili wote uhamie mguu wa kushoto, pole, kama maji yanavyohamishwa kutoka mtungi hadi mtungi, na wa kulia ukishakuwa mtupu, hapo ndipo uinuke. Mikono ilipita mbele ya uso kana kwamba inapangusa mvuke. Siku za kwanza aliushika mwimo wa mlango na jasho likamtoka. Baadaye aliuachia, kidole kimoja kimoja.

"Mama Kulthum, wewe unakimbizana na nani?" Gakii alimuuliza siku moja. "Wenzako wanapumzika, wewe bado."

"Nina safari, mwanangu."

Simu ya Husni haikulia tena. Naye hakumpigia, kwa kuwa alikuwa ameiweka nadhiri ya kijinga moyoni: maneno yalimponza, basi maneno hayatatumika. Siku atakayompigia, atampigia akiwa amesimama kwenye ufuo wa Kizingitini. "Malkia ameshuka," atamwambia. Sentensi hiyo alilala nayo, akaamka nayo, akaifanyia mazoezi kama alivyoifanyia miguu.

Pepo zilikuwa zimegeuka na joto kupungua alipoteremka ngazi za gati peke yake. Boti iliyumba. Alisubiri mwili utulie juu ya mguu mmoja, akavuta pumzi, akauvusha wa pili. Nahodha aliyekuwa ameshanyoosha mkono kumpokea aliurudisha. Bi Kulthum aliketi juu ya ubao katikati ya magunia ya unga na majerikani, machozi yakamlowesha ushungi, na bibi aliyeketi karibu akadhani ni moshi wa injini.

Kizingitini aliifungua simu akampigia. "Husni. Malkia ameshuka."

"Uko wapi?" Husni aliuliza.

"Ufuoni kwenu. Nioneshe ndia ya nyumbani."

"La ilaha illallah," alisema, taratibu, kama mtu anayepokea habari ya msiba. "Kulthum. Kulthum, mimi nimeoa."

Alikuja kumpokea mwenyewe. Alikuwa amekonda. Walitembea mbali kidogo mmoja na mwenzake, na njiani alimweleza: mama aliangushwa na kizingiti cha choo, hakukuwa na wa kumwinua, jamaa wakamtafutia Husni mke, mjane wa kijiji cha Mbwajumali, mwanamke mwema, jina lake Hadia.

"Nalijua hutakuja. Uliniambia mwenyewe," alisema.

"Nalikuambia mila. Ilikuwa hofu." Akamsimulia yote: gati, maji, nywele wazi mbele ya watu, na siku ile ya baraza alipofumba macho.

Husni alisimama. "Mimi naligeuza uso."

"Uligeuza kwa adabu."

"Laiti ningekosa adabu kidogo tu! Kwa nini hukunambia, Kulthum? Ningekubeba mgongoni."

"Ndiyo maana sikukwambia. Sikutaka kuja nikiwa mzigo."

Walikuwa wamefika penye ua wa nyumba. Husni aliishusha sauti. "Sharia ina nafasi. Wake wawili si haramu."

"Sharia ina nafasi," Bi Kulthum alisema. "Moyo wangu ndio hauna. Naye aliyemo ndani hakunikosea kitu."

Hadia alitoka na maji ya kunywa. Alikuwa mwanamke mpole, mikono imekomaa kwa jembe. Hakuuliza mgeni ni nani. Namna mumewe alivyokuwa ameinamisha kichwa ilikwisha kumjibu. Alimwandalia wali na samaki, akamkarimu, na Bi Kulthum akala. Mama mtu alikuwa ameketi kitandani, miguu inaning'inia.

"Hataki tena kusimama," Hadia alisema kwa unyonge. "Akiinuka ananing'ang'ania, sote tunayumba. Nikimvuta, anaogopa zaidi. Siyui nifanyeje, dada."

Bi Kulthum aliitazama ile miguu, miembamba, nyayo zinautafuta udongo bila kuufikia. Aliijua hofu ile kwa jina lake. Alivua buibui, akalikunja vizuri, akaliweka.

"Usimvute. Ndoo usimame hapa. Mpe kiganja, asikushike wewe, akuegemee tu. Legeza magoti. Mama, pumua. Hakuna anayekuharakisha."

Bikizee aliinuka akitweta. Wanawake wawili walikuwa ubavuni mwake, huku na huku.

"Mkono huu si wa Hadia," alisema.

"Ni wangu, mama. Mgeni kutoka Amu."

Macho yasiyoona yalimgeukia. "Ndiwe yule? Mwanangu alikuwa akicheka peke yake usiku. Mbona hukuya?"

"Nimekuya, mama." Alisogea karibu naye zaidi. "Haya, egemea upande wangu kwanza. Hivyo. Sasa mguu ule ni mwepesi, uinue. Hadia, tazama nyonga yake, usitazame mguu. Kesho utafanya peke yako."

Kivuli cha Husni kilifika mlangoni, kikasita. "Kulthum, maji ya bahari yanatoka. Boti haitangoja."

Hakumgeukia. "Iambie ingoje kidogo," alisema. "Mama hajaweka mguu chini."