Ukurasa Mweupe wa Tisini na Moja

Jumatatu tukio la kunyongwa lilichukua sekunde arobaini na moja. Jumanne, arobaini na nne. Verna Tillotson aliigonga saa yake ya mkono kwa kidole akidhani imezeeka, maana filamu iliyopigwa mwaka 1953 haiwezi kurefuka mwaka 1994.

Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye chumba cha maonyesho pale studio, mjini Burbank, skripti mapajani, akilinganisha kilichoandikwa na kilichopigwa, ili aandike kijitabu cha kuisindikiza filamu hiyo ya makauboi itakaporudishwa kwenye majumba ya sinema. Studio ilikuwa na desturi yake: badiliko lolote lilichapwa kwenye karatasi ya rangi, kwanza buluu, kisha waridi, kisha manjano. Ukurasa wa tisini na moja ulikuwa mweupe, haujaguswa na mtu: "Kamba inakatika. Mwizi anaanguka, anakimbia."

Kwenye filamu kamba haikatiki. Mwizi ananing'inia, miguu inatapatapa, na watu wamelisifu tukio hilo miaka arobaini eti ni sanaa. Sanaa gani hiyo!

"Huyu anayenyongwa ni nani?" Verna alimwuliza Odell, mwendesha projekta.

Odell akashusha sauti. "Cruz Arvizu. Alikuwa anaigiza zile za hatari, kuanguka na farasi na nini. Baada ya siku ya kupiga tukio hilo hakuonekana tena. Mkewe akaambiwa ametorokea Mexico na mwanamke. Mimi, dada, sehemu hiyo huwa naangalia ukutani."

Jumatano chumba kilinuka jasho la farasi. Alhamisi zilikuwa sekunde hamsini na mbili, na mlio wa kamba iliyobeba mzigo ukaendelea hata Odell alipozima spika. Mtu aliyening'inia, ambaye siku zote alikuwa ameelekea milimani, sasa alikuwa amegeuza uso nusu kutazama viti.

Ijumaa asubuhi akaja mwongozaji wa filamu hiyo mwenyewe, Emmett Strake, mzee wa miaka themanini na sita aliyevaa suti ya krimu na kujisikia kama enzi zake hazijapita.

"Andika kwamba nilibadilisha palepale," alisema akikaa. "Kipaji hicho, binti. Hakina karatasi."

"Arvizu alijua umebadilisha?"

"Kamba ya kukatika ilionekana ya uongo. Nikamfunga ya kweli, kwa mikono yangu hii." Akacheka. "Unataka nimlilie leo? Mbona watu walifurahi!"

Verna alichukia. Akayaandika maneno hayo pembezoni mwa ukurasa, neno kwa neno.

"Yatatoka kwenye kijitabu hivyohivyo, mzee. Na mke wa Arvizu nitampelekea nakala ya kwanza."

"Saa ya chakula cha mchana haitakukuta na kazi hapa. Odell! Washa."

Taa zikazimika, milima ikaja, kamba ikaja, na mtu aliyening'inia akageuka polepole, akapita pale alipoishia jana, akageuka mpaka uso wake wote, mweusi kwa damu iliyoganda, ukawa unakitazama kiti cha tatu alichokalia Strake, na harufu ya farasi ikajaa chumbani hata Verna akaziba pua kwa kiganja, na mlio wa kamba haukutoka tena kwenye kitambaa cha picha bali darini, juu ya vichwa vyao.

"Zima," Strake alinong'ona.

"Nimeshazima, mzee," Odell alijibu kule nyuma. "Waya wa umeme nimeuchomoa, huu hapa mkononi."

Kamba ikakatika. Arvizu akaanguka vumbini, akainuka, akakimbia nje ya picha, na papo hapo viatu vya kauboi vikasikika vikitembea kwenye njia kati ya viti, bila haraka.

Mzee akaushika mkono wa Verna. "Binti, nakuomba. Kwenye skripti, akishakimbia anafanya nini?"

Verna akafunua ukurasa wa tisini na mbili. Angeweza kudanganya. Akamsomea ulivyo:

"Anamrudia aliyemfunga kamba."

Mkono wa mzee ukamponyoka. Viatu vya Strake vikaacha zulia, vikapanda kuelekea mlio wa kamba darini, na Verna akabaki amekaa, akiitazama miguu ile mpaka ilipotulia.