Mstari Usioguswa

Jumamosi asubuhi, cherehani ya baba ilikuwa imeshaanza kulia. Binti yake alikunywa chai amesimama, huku mguu mmoja ukitafuta kiatu cha mpira chini ya meza.

"Kaa unywe chai kama mtu," baba akasema. "Hizo nyanya zitakukimbia?"

"Zamu yangu inaanza mapema, baba."

"Zimezaa?"

"Bado. Ila maua yapo mengi."

"Habari za maua nimezisikia siku nyingi. Sasa mimi nitakula maua?"

Alisema kwa utani, lakini mguu wake ulisimama juu ya kikanyagio. Cherehani ikanyamaza. Wote wawili walikuwa wakifikiria jambo moja.

Mama alikuwa amefariki mwaka uliopita. Nyuma ya nyumba, karibu na ukuta, alikuwa akipanda nyanya za namna yake. Zilikuwa kubwa, zenye mikunjo juu kama mfuko uliovutwa kamba, na tamu hata bila chumvi. Alipougua, hakuna aliyezikumbuka. Zilikauka zikiwa zimesimama. Kilichobaki ni mbegu chache alizozifunga kwenye pembe ya kitambaa chake cha bluu.

Binti alikuwa anasomea kilimo cha bustani chuoni. Mwalimu alimruhusu apande mbegu hizo kwenye mstari wake, ndani ya kitalu nyumba, ile nyumba ya nailoni ya chuo. Alizipanda zote. Zisipozaa, nyanya za mama zitakuwa zimekwisha.

Kwa hiyo alizitunza kama mayai. Wenzake walikuwa wameshamwita Taratibu kwa sababu ya mwendo wake, na sasa jina lilizidi kumkaa. Alipita kwenye mstari wake kwa ncha za vidole. Kila mche aliufunga kwenye kamba iliyoning'inia kutoka juu, akaikaza vizuri. Alishusha nailoni ya pembeni ili upepo usiivunje miche. Kila asubuhi aliyapulizia maua maji yawe mabichi. Mwanzoni mwa mstari alitundika kipande cha boksi: TAFADHALI USIGUSE.

Mwenzake wa zamu ya wikendi aliitwa Kimbunga. Huyo hakujua kupita mahali bila kuacha alama. Alibeba ndoo huku akicheza muziki wa kichwani mwake. Nyonga zake zilipiga kamba za mstari wake, ndoo ikapiga matawi.

"Kimbunga, unavunja matawi," Taratibu alinong'ona.

"Mimi napita zangu tu. Nyanya ndizo zinanigonga." Kisha naye akashusha sauti. "Na mbona tunanong'ona? Huu ni mstari wa nyanya au wodi ya wagonjwa?"

Taratibu alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Alikuwa ameinama kufagia. Chini ya miche yake kulikuwa na maua ya njano, mengi, yamekatikia shingoni. Akainua macho upande wa pili wa njia. Mstari wa Kimbunga ulikuwa na matawi yaliyopinda na majani yaliyochanika. Lakini kila kishada kilikuwa na nyanya ndogo za kijani, zimejipanga kama shanga.

"Mbegu za mama zimechoka," alisema. Ufagio ulimtoka mkononi. "Nimezipanda zote, na zilikuwa zimechoka."

Kimbunga aliweka ndoo chini. Safari hii aliiweka polepole. Halafu akatoka mbio kumwita mwalimu.

Mwalimu alikuwa mama mnene mwenye kicheko cha kusikika nje ya geti. Aliingia, akautazama mstari wa Taratibu kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Mwanangu, majani haya ni mazuri mpaka natamani kuyavaa," alisema. "Kimbunga, nipe aproni yako nyeusi."

Alitandaza aproni chini ya kishada cha Kimbunga kilichokuwa bado na maua, akaigonga kamba kwa kidole. Vumbi laini la njano likaanguka juu ya kitambaa cheusi.

"Hiyo ndiyo chavua," alisema. "Ni unga wa kiume wa ua. Bila huo, ua haligeuki kuwa tunda. Sasa twende kwako, Taratibu."

Aligonga kamba ya Taratibu. Yakaanguka matone ya maji. Unga haukuanguka hata kidogo.

"Si nilisema zimechoka?" Taratibu akajibu.

"Ngoja. Ua la nyanya halihitaji kwenda kutafuta mchumba. Lina dume na jike humo humo ndani."

"Kumbe wanaishi nyumba moja," Kimbunga akasema.

"Nyumba moja, lakini unga umefungiwa chumbani. Unataka kutikiswa ndipo utoke. Huko nje upepo unatikisa, nyuki nao wanatikisa. Humu ndani tumeweka wavu kuzuia wadudu waharibifu, na nyuki tumewafungia nje pamoja nao. Sasa nani atatikisa?"

Taratibu alimtazama Kimbunga. Kimbunga alijitazama nyonga.

"Ndiyo, huyo," mwalimu akacheka. "Huyo ndiye nyuki wetu. Wewe umezuia upepo, umekaza kamba kama za gitaa, na unayapulizia maua maji. Chavua ikilowa inagandamana kama unga wa uji uliotiwa maji vibaya. Uangalizi wako ni mzuri, mwanangu. Ila umezidi."

"Sasa nifanyeje?"

"Inua nailoni, hewa ipite. Maji mwagilia kwenye shina, majani na maua yabaki makavu. Legeza kamba. Asubuhi umande ukishakauka, kabla jua halijawa kali, pita ukigonga kamba. Gonga kama anayebisha hodi, si kama anayedai kodi. Fanya hivyo karibu kila siku, wakati maua yamefunguka."

Siku hiyo hiyo waliinua nailoni pande zote mbili, wakalegeza kamba. Jumapili Taratibu hakuyapulizia maua maji. Walisubiri mpaka majani yakauke. Kimbunga alitandaza aproni chini ya kishada. Taratibu akagonga kamba ya kwanza.

Vumbi la njano likaanguka.

Akagonga ya pili, na ya tatu. Vumbi likaanguka tena, hata pua ya Kimbunga ikapata lake, akapiga chafya iliyotikisa mche wa nne bila kuguswa.

"Hazikuchoka," Taratibu alisema. "Zilikuwa zinangoja."

Walimaliza mstari wote wakicheza. Yule wa ncha za vidole alicheza vibaya, lakini alicheza. Kisha akakitundua kile kipande cha boksi.

Nyumbani alimweleza baba kila kitu, mpaka ile chafya. Baba alisikiliza, sindano ya cherehani ikiwa imesimama katikati ya mshono.

"Mama yako hakuweza kupita kwenye nyanya na mwiko mkononi bila kugongagonga zile fito za kuzishikilia," alisema. "Pale ukutani upepo haufiki. Nilimuuliza anafanya nini. Akanijibu, nazisalimia. Mimi nilidhani ni utani."

"Labda ulikuwa utani."

"Labda. Alikuwa na utani wenye faida, mama yako."

Wiki ile ile maua yalianza kujikunja nyuma. Katikati ya kila moja ilitokeza punje ya kijani, ndogo kama dengu. Punje zikawa shanga, shanga zikawa ngumi. Mikunjo ilipoanza kuonekana juu yake, Taratibu aliita kwa sauti kubwa, na Kimbunga akamwambia anyamaze, kuna wagonjwa wamelala.

Nyanya ya kwanza iliyoiva aliipeleka nyumbani mikononi. Baba aliikata vipande, akala kimoja bila chumvi. Akala cha pili, akatabasamu na maji ya nyanya yakamchuruzika kidevuni.

Zilizofuata, walichagua zile bora kabisa wakatoa mbegu. Waliziloweka kwenye kikombe siku chache mpaka ute ukaachia, wakaziosha, wakazianika kwenye sahani kivulini. Zilipokauka, baba alileta kile kitambaa cha bluu. Alijaribu kufunga pembe yake. Mbegu zilikuwa nyingi, fundo likakataa.

Basi akakata kitambaa kipya, akashona mifuko miwili midogo.

"Huu mwingine wa nani?" binti aliuliza.

"Wa Kimbunga. Zikipotea kwetu, tutajua pa kuzifuata." Akakikunja kitambaa cha bluu, akakitia mfukoni mwa shati.

Jumamosi iliyofuata, Taratibu alikunywa chai amekaa, kama mtu. Baba alimtazama juu ya miwani.

"Bado umekaa tu?" alisema. "Nenda. Nyanya hazijasalimiwa."