Siku Angetile Alipogawa Jiwe Lake

Ndugu zangu wa Matema, haya naandika kwa aibu, lakini nikiyaficha nitakuwa nimekosa mara mbili.

Asubuhi za ufukweni kwetu ni tulivu. Sisi wanawake wafinyanzi hukaa bandani tukikanda udongo, tukitaniana, huku mitumbwi ikirudi na usipa, samaki wadogo wa ziwa letu. Angetile alikuwa fundi kuliko sote. Mumewe Hezroni, mvuvi, alikuwa akimpiga, nasi tulijua. Alipokuja jicho limevimba akasema ameteleza, tulimtania kwamba nyumba yake ina utelezi kuliko miamba ya ziwani. Akacheka nasi. Mungu atusamehe kile kicheko.

Mara mbili alikimbilia kwangu. Mara zote mbili mimi, Tusajigwe, mtu mzima na kiongozi wa akina mama kanisani, niliomba naye, nikamshika mkono, nikamrudisha kwa Hezroni.

"Vumilia, mwanangu. Ndoa ndivyo zilivyo."

"Ndiyo, mama."

Nikaenda zangu kupika, najiona nimeokoa nyumba.

Sasa, asiyefinyanga huenda hajui jambo hili. Chungu hung'arishwa kwa jiwe dogo laini kabla ya kuchomwa, na kwetu jiwe hilo mama humwachia binti yake. La Angetile lilitoka kwa bibi yake, na binti anaye, Jeni, wa miaka tisa.

Alhamisi moja, saa tatu asubuhi, Angetile alikuja bandani akampa jiwe lile binti yangu Kisa.

"Litakufaa," alisema. "Na Jeni wangu umwangalie."

"Ndaga fijo, dada," Kisa alishukuru kwa furaha. Wenzetu wakamsifu Angetile kwa ukarimu. Mimi niliuacha udongo wangu. Mfinyanzi mwenye binti hagawi jiwe lake kama bado anaiona kesho.

Nikamfuata njiani. Nilitaka kumwambia aombe, nikajizuia. Nikamwuliza wazi, "Angetile, unafikiria kujiua?"

Alikaa mchangani. "Ndiyo, mama. Nimechoka kupigwa, na sina pa kwenda. Kwako nimeshakuja mara mbili."

Hilo la mwisho lilinichoma. Nilikaa pembeni yake nikamwambia nimemkosea, anisamehe. Sikumhubiria, wala sikumwacha peke yake hata kidogo. Kisa akabaki na Jeni, sisi tukaenda kituo cha afya. Muuguzi, dada Mercy, alifunga mlango, akamsikiliza bila haraka na bila kumshangaa, akamtibu majeraha, akampangia siku za kuja kuzungumza na mshauri. Afisa ustawi wa jamii aliitwa, na kesi ikafunguliwa polisi, kwenye dawati la jinsia. Angetile na Jeni wakahamia kwangu.

Siku ya tatu Hezroni alikuja na samaki, sauti imelainika.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kumchukua mke wangu. Ni shetani tu alinipitia."

"Marahaba. Huyo shetani kawaeleze polisi," nilimjibu. "Hapa hatoki mtu."

Akaondoka na samaki wake.

Haikuwa rahisi. Zipo siku Angetile hakugusa chakula, na wapo wazee walionisema kwamba navunja ndoa za watu. Tuliendelea kwenda kituoni, wiki hadi wiki. Miezi minne baadaye, tukikanda udongo, aliniambia taratibu:

"Mama, siku ile ungeniambia tena vumilia, ningekujibu 'ndiyo, mama' kama kawaida. Nawe ungerudi nyumbani umeridhika."

Nililia mbele ya wenzangu wote.

FUNZO

Mwanamke anayepigwa akikukimbilia, usimrudishe kwa anayempiga. Ukimwona anagawa vitu anavyovithamini, anaagaaga, au anasema amechoka na maisha, mwulize wazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii mtu wazo baya. Linampa nafasi ya kusema. Kisha kaa naye, na mwende pamoja kituo cha afya.

Na wewe dada unayesoma haya ukiwa na mzigo huo, si dhambi kuusema. Mwambie mtu leo. Wa kwanza akikurudisha, kama nilivyofanya mimi, kosa ni lake, mwambie mwingine.

Mimi nilihitaji kuambiwa mara tatu. Wapo ambao hatutawaona mara ya tatu.