Mfuniko wa Tuluma

Nyumbani kwa kina Lepeka kila kitu kilikuwa na chombo chake, na ole wako ukikosea. Nguo za kanisani zilikaa ndani ya kasha la bibi, lile lenye kufuli bovu. Unga ulikaa kwenye debe, sukari kwenye kopo, misumari kwenye mkebe wa biskuti, na maji ya mvua kwenye pipa. Vitu vya baharini vilikaa ndani ya tuluma, na hicho ndicho chombo ambacho Bibi Hina hakukubali kiitwe sanduku.

"Sanduku ni la nguo," alikuwa akisema. "Litupe baharini uone litakavyokunywa maji. Tuluma inaelea, na vitu vyake vinabaki vikavu. Babu yako alirudi nyumbani kwa sababu hiyo."

Tuluma ya Iosua, babake Lepeka, ilichongwa kutoka gogo moja gumu, bila kiungo wala msumari. Mfuniko wake ulitoka kwenye gogo hilohilo, ukasuguliwa siku nyingi mpaka ukaubana mdomo wa tuluma ile, na ile tu. Baba alipokwenda kuvua, kazi ya Lepeka ilikuwa kuipanga: ndoana, kiberiti, plagi ya akiba ya injini, na redio ndogo ya mkononi. Kazi hiyo ilimpa maringo, maana kisiwani Atafu hakuna mtoto mwingine wa rika lake aliyeaminiwa nayo.

Jumamosi watoto walitaka kucheza kriketi wakakosa kitu cha kufanya wiketi, ile shabaha inayolengwa kwa mpira. Lepeka alikimbia nyumbani, akachukua mfuniko, akausimamisha mchangani. Binamu yake Sulu alirusha mpira mmoja tu. Mfuniko ulilia kama nazi inayopasuliwa, ukawa na ufa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine.

"Leo umekwisha," Sulu alisema. "Kamwambie baba yako kabla hajauona."

"Na wewe funga mdomo wako. Mpira ulikuwa wako."

Badala ya kusema, Lepeka alifungua kasha la bibi. Humo mlikuwa na mfuniko wa tuluma ya marehemu babu, ambayo yenyewe ilishaliwa na mchwa. Aliujaribu. Ulicheza kidogo, basi akaubana kwa kipande cha kitambaa, akaupaka mafuta ya nazi hadi ukang'aa. Ukiutazama, hungeshuku kitu. Ule uliopasuka aliufukia chini ya rundo la makumbi ya nazi nyuma ya jiko.

Jumatatu asubuhi baba alikuwa na haraka. Baba Mdogo Paulo alishawasha injini.

"Umeifunga vizuri, mama?" baba alimwuliza bintiye, huku akiipokea tuluma.

Lepeka alitazama miguu yake. "Ndiyo, baba."

Mashua ilipita kwenye mlango wa mwamba unaozunguka kisiwa, ikapotelea upande wa pili wa mawimbi.

Mchana upepo uligeuka. Mashua nyingine zilirudi moja moja, samaki wakamwagwa pale wanapogawanywa kwa kila nyumba, mgonjwa na mzima sawasawa. Mashua ya Iosua haikuonekana. Bibi Hina alikaa ameshika kikapu chake kitupu, macho yakiwa kwenye mwamba.

"Kina Iosua wamechelewa," mtu mmoja alisema.

Mzee Tanielu, msimamizi wa mashua za kijiji, aligonga redio iliyokuwa mkononi mwake. "Iosua ana redio, na redio imo ndani ya tuluma. Angekuwa na shida angeshatupigia kelele. Kimya hiki ni cha mtu anayepigana na jodari mkubwa."

"Au jodari ndiye anayemvua yeye," mwingine alitania, na watu wakacheka.

Lepeka hakucheka. Aliyaona mawimbi yakirukia juu ya mwamba, akakiona akilini kile kitambaa kikilowa, maji yakipenya taratibu mpaka kwenye redio. Wote waliokuwa pale walikuwa wakikiamini chombo ambacho yeye peke yake alijua ni kibovu.

Sulu alimsogelea. "Unangoja nini?" alinong'ona. "Husemi, nasema mimi."

Lepeka alikuwa na hofu ya baba, na hofu kubwa zaidi ya macho ya watu wote wale. Lakini kama angenyamaza, watu wangeendelea kukaa na kutaniana mpaka giza liingie. Alipita katikati yao akasimama mbele ya Mzee Tanielu.

"Babu, redio itakuwa imelowa," alisema. "Mfuniko wa tuluma si wake. Wake niliupasua mimi, nikaweka wa marehemu babu. Baba hajui."

Kicheko kilikatika. Mzee Tanielu alisimama. "Mashua tatu majini, sasa hivi. Fuateni mkondo wa magharibi. Lawama tutazipanga baadaye."

Bibi Hina hakumgombeza. Aliuliza tu, "Ule uliopasuka uko wapi?" Lepeka alimwonyesha. Bibi aliyafukua makumbi kwa mikono yake, akautoa mfuniko, akaupakata huku akilia kimyakimya. Lepeka aliona afadhali angechapwa.

Jua lilikuwa limegusa maji mashua ziliporudi, moja ikiikokota ya Iosua. Wimbi lilikuwa limeijaza maji na kuizima injini. Iosua na Paulo walipoifungua tuluma ili waite msaada, walikuta plagi, kiberiti na redio vikiogelea. Walikuwa wakipelekwa na mkondo bila njia ya kumwita mtu.

Lepeka alimkumbatia baba, akamweleza yote bila kujitetea. Baba alisikiliza, midomo imekauka kwa chumvi. Kisha aliinamisha tuluma, maji yakamwagika miguuni pa bintiye.

"Kupasuka si tatizo," alisema. "Mti unapasuka. Ungenionyesha ufa, ningekasirika, pengine ningekugombeza mpaka jioni. Lakini ningeweka redio kwenye ndoo ya rangi na kuifunga. Ufa ningeuona, mwanangu. Mimi na ndugu yangu tulikaribia kufa kwa sababu ya mfuniko uliong'aa." Alimshika bega. "Kosa likisemwa, watu wanajua pa kushika. Likifichwa, linakwenda baharini na mtu asiyejua. Leo umesema ukiwa umechelewa, lakini umesema, na ndiyo maana niko hai, naongea na wewe."

Wiki zilizofuata, Lepeka alikaa na bibi akisugua mfuniko mpya kwa mchanga, polepole, kwa sababu hakuna njia ya mkato. Wakati huo vitu vya baba vilikaa kwenye ndoo ya rangi. Siku ya kwanza ya kwenda tena kuvua, baba aliipokea ndoo akamwuliza, "Umeifunga vizuri, mama?"

"Niliizamisha kwenye pipa usiku kucha, baba, nikiwa nimeweka karatasi ndani," Lepeka alisema. "Asubuhi nimeikuta karatasi imelowa kwenye kona moja. Usiondoke nayo. Ngoja nikaazime nyingine kwa Mzee Tanielu."

Baba aliikalia ile ndoo, akamngoja.